Kimondo Ambacho Kilikuwa Hakijafika

Vueni pete kwanza. Na wewe mwenye cheni shingoni, ivue uitie mfukoni. Najua mmekuja kunitembelea tu hapa Milanzi na leo hatuna jiwe la kusaga, lakini mimi nikianza kueleza kazi yangu naanzia hapo, na umri wa kubadilika umenipita. Nimeandaa sampuli za miamba kwa miaka thelathini na miwili, na sijawahi kuingia chumba cha kusagia nikiwa na pete. Mke wangu alinuna miaka mitano ya mwanzo, akidhani nina mwingine huko kazini. Siku moja akaja maabara, akaniona nilivyojaa vumbi hadi kwenye kope, akasema basi, kwa hali hiyo hakuna atakayenichukua.

Mnaniuliza nilikuwa nafanya nini hasa. Nilikuwa nayaandaa mawe ili yaulizwe umri. Sikuwa daktari wa miamba, mjue hilo. Madaktari walitembea na ramani, wakaokota, wakaandika vitabu. Mimi nilisaga. Jiwe likija unalivunja kwa nyundo, unaliponda kwenye kinu cha chuma, unalichekecha, unaliosha, unalipitishia sumaku, halafu unakaa na darubini na sindano kuchagua chembe moja moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, mpaka macho yanatoa machozi. Siku nzima unaweza kupata chembe arobaini. Ukipiga chafya unaanza upya. Niliwahi kupiga chafya Alhamisi saa tisa alasiri, na nyumbani hawakusikia neno kutoka kwangu hadi Jumapili baada ya misa.

Aliyenifundisha ni Mzee Bonaventura, fundi mkuu wa maabara, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokwisha kuwa la rangi ya chai. Wiki tatu za kwanza alinioshesha vinu tu. Wiki ya nne akanipa kitu cha kusaga, nikafurahi kama nimepandishwa cheo. Kilikuwa donge la chumvi ya mawe. Nikasaga kwa bidii zote. Akaichukua, akaiyeyusha kwenye maji, akachungulia masalia kwa darubini, akaniita.

"Kuna zirkoni humu," akasema.

Zirkoni ni zile chembe ngumu tunazozitafuta kwenye mawe ya kale kwa sababu zinatunza umri vizuri.

"Ndiyo, Mzee," nikajibu, nikidhani nimesifiwa.

"Chumvi haina zirkoni, Polikarpo. Hizi ni za jiwe la juzi, zimebaki kinuni. Umeifanya chumvi ya mboga iwe na miaka bilioni mbili."

Nikarudi kuosha vinu. Mpaka leo mke wangu akikoroga chumvi kwenye mchuzi namwangalia mkono.

Mzee Bonaventura alikuwa na sheria moja kubwa kuliko ile ya pete. Alisema mtu asitaje umri wa kitu kabla hajataja jumlisha-au-toa yake. Yaani unapima jiwe, mashine inakupa namba, na pembeni inakupa namba nyingine ya kukuambia unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani, juu au chini. Yeye aliishi hivyo kabisa. Ukimuuliza chakula saa ngapi, anasema, "Jumlisha au toa dakika kumi, saa saba." Alipozaliwa mjukuu wake alitutangazia uzito kwa mtindo huo huo, na mkwewe akakasirika.

Sasa vimondo. Hapo ndipo mnapotaka nifike, najua, maana kijiweni mmeshasimuliwa habari ya shangazi yangu na kimondo, na mmesimuliwa vibaya. Ngoja niwape kwanza ufundi wake, kwa sababu bila ufundi mtanicheka tu, na mimi nataka mnicheke mkijua mnachocheka.

Ndani ya miamba mingi mna potasiamu. Sehemu ndogo yake inageuka taratibu sana kuwa gesi iitwayo agoni, na kasi ya kugeuka inajulikana. Jiwe likiganda, gesi inabaki imefungiwa ndani. Ukipima gesi iliyomo na potasiamu iliyopo, unajua jiwe limekaa muda gani tangu ligande. Jiwe likiyeyuka, gesi inatoroka na hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Kimondo kikubwa kikipiga ardhi, joto lake linayeyusha mwamba pale pale, na ukipoa haraka unakuwa kioo cheusi. Ukitaka umri wa shimo, tafuta kioo hicho. Usichukue jiwe la kawaida lililorushwa pembeni. Hilo litakuambia lilizaliwa lini, halitakuambia lilipigwa lini. Ni sawa na kutafuta siku ya ajali ya baiskeli kwa kuuliza kiwandani baiskeli ilitengenezwa mwaka gani.

Basi. Kosa la kwanza lilitoka mdomoni mwangu.

Shangazi yangu, Gaudensia, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa na shamba kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka hapa. Babu alimpa yeye kwa sababu wanawe wa kiume walikimbilia mjini, baba yangu akiwa wa kwanza. Shamba lenyewe liko ndani ya bonde la mviringo, kama bakuli, upana wake viwanja vitatu vya mpira hivi, na kingo zake zimeinuka kidogo pande zote. Katikati unyevu haukauki. Shangazi alilima pale kwa matuta yetu ya Kifipa, yale ya duara ya kufukia majani yaoze chini, na ulezi wake haukuwahi kumwangusha. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wako mbali, na lile bakuli ndilo lililokuwa likimlisha na kumpa heshima. Mtu akipita kando yake lazima asimame alisifie shamba, la sivyo shangazi anamwandama hadi njia panda.

Pasaka moja, nikiwa likizo, tulikaa baada ya misa tukinywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Mtu akataja kimondo cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma ambalo watu wanasafiri kwenda kuliangalia. Mimi, mtaalamu niliyekuja kutoka maabara, na kimpumu kikiwa kimeshapanda, nikasema, "Kile cha Mbozi hakina hata shimo. Sisi shamba la shangazi ni shimo tupu la kimondo, liangalieni lilivyo duara. Wao wana kimondo bila shimo, sisi tuna shimo bila kimondo."

Nilikuwa natania. Lakini aliyekaa mkabala nami alikuwa Mzee Leonsi, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mstaafu wa hisabati, na yeye hakuwa na chombo cha kupokelea utani. Kabla sijarudi kazini alikuwa ameshafika kata. Ndani ya miezi miwili fundi wa mbao alikuwa ameshatengeneza kibao kizuri cha mninga, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: SHIMO LA KIMONDO. UMRI: MIAKA. Na baada ya neno MIAKA wakaacha nafasi ya urefu wa kiganja, kwa ajili ya namba itakayoletwa na wataalamu. Mpango ulikuwa kuzungushia bonde uzio, wageni waje, barabara ichongwe. Shangazi angehamishiwa ukingoni, kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi akipanda anajuta.

Akanipigia simu kwa kuazima simu ya katekista. Hakunisalimu.

"Poli, umenizulia kimondo. Njoo ukiondoe."

Nikamwapia kwamba nitaleta mtaalamu wa kweli, atasema ukweli, na likiwa si shimo la kimondo kibao kitang'olewa. Moyoni nilijua mabonde ya duara yapo tele na hayana habari na nyota. Nikamwendea Dakta Rehema, mwanajiolojia wetu, mama mchapakazi ambaye kwa miaka mingi alitamani apate walau shimo moja la kimondo katika maisha yake. Nilipomweleza, alikuwa ameshavaa kofia kabla sijamaliza.

Tukaja. Tukapima kingo, tukaokota, tukachimba. Siku mbili hakuna kitu. Nikaanza kutembea kifua mbele. Siku ya tatu, katikati kabisa ya bonde, penye tope, jembe langu likagonga kitu. Nilichimba hadi begani, nikaingiza mkono, nikatoa jiwe jeusi lenye vitundu, zito, upande mmoja linang'aa kama chupa iliyovunjika.

Vijana, nililifuta tope kwa shati. Ndiyo kazi yangu yote ya maisha ilikuwa imekaa kiganjani, kioo cha mwamba ulioyeyuka, na ndiyo shamba la shangazi lilikuwa limekwenda. Shangazi mwenyewe alikuwa anapalilia hatua thelathini kutoka pale. Aliinua kichwa, akaniona nimeshika lile jiwe, akaliangalia, akaniangalia, akainama akaendelea kupalilia. Nilitamani kulirudisha matopeni. Nasema wazi, nilitamani sana. Sikulirudisha, nikamwita Dakta.

Dakta Rehema alilipapasa, akalinusa, akaniuliza swali la maana kabisa, ambalo nalikumbuka kila nikila chakula. "Polikarpo, nyinyi Wafipa mlikuwa wafua chuma. Hapa hakuna tanuri la zamani? Mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyushia, yanafanana sana na hivi."

Nikamjibu kwa fahari ya mtu anayejua kwao. Nikamwambia tanuri letu la kuyeyushia chuma, ilungu, ni mnara wa udongo unaompita mtu kimo, na haujengwi bondeni hata siku moja. Unajengwa mteremkoni, karibu na vichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu ndio unaofaa kuujengea. Ilungu la babu yangu mwenyewe liko kule juu, kwenye boma la mawe, linaonekana. Bondeni penye tope hakuna Mfipa atakayejenga tanuri. Yote niliyosema yalikuwa kweli tupu. Dakta akaridhika, akaandika kwenye daftari kwamba fundi ni mwenyeji.

Tulichukua vipande saba. Niliviandaa mwenyewe, bila pete, kwa usafi ambao Mzee Bonaventura angeulilia. Mashine ya kupima ilikuwa ng'ambo, na kabla ya kupimwa vipande vinatiwa kwenye kinu cha nyuklia. Mtu wa posta alisumbuka sana na kifurushi. Fomu yake ilidai tarehe ya bidhaa kuharibika. Nikamwambia haya ni mawe. Akasema, "Mzee, fomu ni fomu." Nikaandika "bado".

Majibu yakaja baada ya miezi kadhaa, na namba ilikuwa hasi. Sikilizeni vizuri hapo. Umri wa kile kioo ulikuwa chini ya sifuri, maelfu ya miaka chini ya sifuri, na jumlisha-au-toa yake ilikuwa kubwa kuliko umri wenyewe. Kwa mtu wa maabara hilo si jambo la ajabu sana. Hewa tunayovuta nayo ina agoni, inaingia kwenye jiwe, kwa hiyo mashine ikishapima gesi yote inabidi uondoe ile ya hewa. Jiwe likiwa changa mno halina gesi yake lenyewe, na ukizidisha kidogo kuondoa, unajikuta chini ya sifuri. Maana yake tu ni kwamba jiwe ni changa kiasi kwamba mashine haina la kusema. Dakta Rehema aliwaza ameharibu sampuli, akaanza kupanga kurudia. Ofisi ikawa imeshatuma nakala ya barua kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima tu, kama ilivyokuwa desturi.

Mzee Leonsi akaisoma barua. Nimeshasema alikuwa mwalimu wa hisabati.

Nilipofika kijijini mkutano mkuu ulikuwa kesho yake, na nikakuta ameshachora mstari wa namba kwenye ukuta wa ghala la kijiji kwa mkaa, mrefu hatua kumi. Katikati sifuri. Upande huu miaka iliyopita, upande ule alama za kutoa. Alinieleza kwa upole, kama mwanafunzi wa darasa la tano aliyechelewa kuelewa.

"Umri wa kitu ni miaka tangu kitokee. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Kikitokea leo, umri ni sifuri. Umri ukiwa hasi, maana yake?"

"Mwalimu, ile hasi ni..."

"Maana yake hakijatokea! Kimondo kinakuja, Polikarpo. Mashine zenu zimekigundua kabla hakijafika. Hongereni sana."

Nikatafuta kosa kwenye hesabu yake, nawaapieni sikuliona. Ilikuwa imenyooka kuliko yetu.

Kijiji hakikuogopa, kwa sababu maelfu ya miaka ni muda wa kujiandaa. Iliundwa Kamati ya Mapokezi ya Kimondo, ya watu tisa, ikiwa na katibu. Vikao viwili vilikuwa vimeshafanyika. Katika muhtasari, nilioonyeshwa, kulikuwa na mjadala kama kimondo kikija siku ya misa watu watoke kanisani au wasubiri baraka ya mwisho. Na uamuzi mmoja ulikuwa umepita bila kupingwa, kwamba shangazi ahame mapema zaidi, asije akaumia. Kabla ya barua alikuwa anahamishwa kwa sababu kimondo kimeanguka shambani mwake. Sasa alikuwa anahamishwa kwa sababu hakijaanguka.

Nikaenda kwake nimenywea. Nikachuchumaa mlangoni nikapiga makofi taratibu, inavyotakiwa, nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ingia ule. Unatembea kama umepoteza ng'ombe."

Alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Nikakaa kwenye kigoda karibu na moto, nikala, tena kwa njaa, huku nikitafuta maneno ya kumwambia nimeshindwa. Nikainamisha macho kwenye moto. Chungu kilikaa juu ya mafiga matatu kama kawaida. Mawili yalikuwa mawe ya kijivu. La tatu lilikuwa jeusi, lenye vitundu, upande mmoja linang'aa kama chupa.

Nikalinyooshea mkono wenye tonge.

"Shangazi, hilo figa umelitoa wapi?"

"Hilo? Kwa baba. Kule juu kwenye ilungu. Ni zuri, halipasuki."

"Na yale ya bondeni?"

"Yapi?"

"Yale meusi! Matopeni!"

"Aa, hayo. Baba aliyamwaga mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wanazama pale katikati, akabeba mavi ya chuma kutoka ilungu, vikapu kwa vikapu, akafukia pakawa pagumu. Mimi nilikuwa mtoto, nilibeba kikapu kidogo." Akanitilia mboga. "Ndiyo maana yako chini. Tope limeyameza."

"Shangazi, uliniona nikiyachimba. Kwa nini hukuniambia?"

Akanishangaa kwa dhati. "Uliniuliza? Mlikuja na Daktari mmevaa kofia. Nikasema mjukuu amekuja kuchukua mawe ya babu yake, vizuri, atunze. Ningejuaje kwamba hujui?"

Nililia, vijana. Mtu mzima, fundi wa miaka mingi, nimekaa jikoni kwa shangazi nalia huku nimeshika tonge. Sehemu ilikuwa aibu, na sehemu ilikuwa furaha, kwa sababu shamba lilikuwa limepona, na sehemu ilikuwa babu. Utotoni niliyachezea mawe yale yale kule mlimani. Nilikuwa nimeyasaga, nimeyaosha, nimeyachagua kwa sindano, nimeyatuma hadi kwenye kinu cha nyuklia, na sikumtambua babu.

Kesho yake nikasimama mkutanoni. Nikasema yote. Nikasema kioo kile ni masalia ya tanuri la babu yangu, kwamba mimi ndiye niliyekiokota na mimi ndiye niliyemhakikishia Dakta kuwa haiwezekani. Nikasema hakuna kimondo kilichoanguka na hakuna kinachokuja. Nikaomba radhi.

Halafu katibu wa Kamati ya Mapokezi akanyoosha mkono akauliza kama taarifa yangu inaifuta kamati au inaisimamisha tu.

Mzee Leonsi aliumia. Niliona. Alitembea hadi kwenye mstari wake ukutani, akausoma tena kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi. "Huwezi kusema kwa hakika kwamba hakiji," akasema. "Kwa hakika, Polikarpo? Bila jumlisha-au-toa?"

Hapo alinishika pabaya. Nikakiri kwamba kwa hakika kabisa hapana, kimondo kinaweza kuanguka popote, siku yoyote.

"Basi kamati ibaki," akasema Leonsi, na watu wakapiga makofi. "Na shamba libaki wazi kwa tahadhari."

Nikaona shamba linaondoka kwa mara ya tatu. Aliyeokoa jahazi ni Masanja, mfugaji kutoka Shinyanga aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, na ambaye kila mkutano alikuwa akikumbushwa kwamba yeye ni mgeni. Akasimama nyuma kabisa na fimbo yake.

"Mwenyekiti, mimi nina miaka kumi na nane hapa. Nazika na nyinyi, natoa michango yenu yote. Nikiomba kieneo cha kunyweshea ng'ombe mnaniambia subiri, wewe umekuja juzi. Sasa huyu bwana kimondo hata hajafika, hajulikani anatoka wapi, barua ya utambulisho hana, na mmeshamgawia shamba?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukashindwa kuendelea. Leonsi alijaribu kujikaza, na mwisho naye akacheka, akifuta macho kwa barua yetu. Ikaamuliwa kimondo kifuate utaratibu kama mgeni mwingine yeyote. Shangazi akabaki na shamba lake, na mwaka uleule Masanja akapata mahali pa kunyweshea. Kibao cha mninga kilipelekwa kwa shangazi kama fidia ya usumbufu. Alikigeuza maandishi yakaangalia chini, akafunikia kihenge cha ulezi, na alisema ndicho kitu pekee cha faida kilicholetwa na sayansi.

Dakta Rehema nilimpigia siku ileile. Aliniomba niirudie habari ya figa tangu mwanzo. Nilijua alikuwa anaaga shimo lake. Kisha akasema, "Andika ripoti, Polikarpo. Weka jina lako kwenye kosa na kwenye ugunduzi, kotekote." Nikaandika. Kipande kimoja kiko mezani kwake hadi leo, na kila mwanafunzi mpya anapewa akikadirie umri. Wengi wanasema mamilioni.

Mzee Bonaventura alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata nyumbani nikamsimulia. Hakucheka.

"Mashine ilisema nini?"

"Hasi, Mzee."

"Na jumlisha-au-toa?"

"Kubwa kuliko umri wenyewe."

"Basi mashine ilikuambia kwa adabu kwamba haijui. Aliyedai kujua ni nani?"

Nikamwambia nimeelewa. Akaniambia nikiwa nimeelewa nikamsaidie kuosha vyombo.

Haya, mmeipata yote, imebaki kipande kimoja tu, nacho si cha kuchekesha ingawa watu walicheka. Shangazi alifariki mwaka juzi, palizi ilipokuwa imekwisha. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo, ukingoni mwa bakuli lake, anaona ulezi. Msalaba ulikuwapo, ila hapakuwa na ubao wa kuandikia jina. Katekista akaingia nyumbani kwa marehemu akarudi na kile kifuniko cha kihenge. Nyuma yake akaandika jina, GAUDENSIA, kisha tarehe ya kufariki, kisha akasimama na brashi hewani. Akauliza marehemu alikuwa na umri gani.

Hakuna aliyejua. Kitabu cha ubatizo cha miaka ile kilishaliwa na mchwa. Halafu taratibu, mmoja mmoja, waombolezaji wote wakageuka wakaniangalia mimi. Mzee Leonsi, aliyekuwa ameshakuwa wa mkongojo, ndiye aliyesema. "Mpeni brashi Polikarpo. Ndiyo kazi yake."

Miaka thelathini na miwili ya kuuliza mawe umri, na sikuwahi kumuuliza shangazi yangu. Nilichokuwa nacho ni maneno aliyonipa siku ile jikoni, kwamba babu alipofukia tope yeye alikuwa mtoto wa kubeba kikapu kidogo. Mtoto wa kikapu kidogo ana miaka sita, saba, nane. Na moto wa mwisho wa ilungu la babu uliwaka lini? Mashine bora ya ng'ambo ilishaulizwa swali hilo, ikajibu kwamba ni jana, imekaribia mno, haiwezi kuona. Nilisimama pale nikaona mashine ilikuwa sahihi.

Nikageuza ubao upande wenye rangi nyekundu, penye nafasi iliyoachwa miaka yote ile baada ya neno MIAKA. Nikafuta maneno ya juu kwa udongo. Nikaandika pale: JUMLISHA AU TOA MITANO, TISINI. Kwanza mitano, ndipo tisini, nilivyofundishwa. Jina tukalihamishia upande huohuo.

Katekista akasoma, akaninong'oneza, "Toa mitano? Tukimtolea mitano, ataidai kwa nani?" Waliokuwa karibu wakaangua kicheko kaburini, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja, na nadhani shangazi angetuandama wote hadi njia panda.

Sasa shamba nalilima mimi. Lile figa jeusi nimelizika nusu chini ya kibao chake, upande unaong'aa ukiwa juu. Nyinyi mna miguu na mtaishi kuliko mimi. Siku moja atakuja mtu wa kofia, ataliona, atataka kulipeleka kwenye mashine. Msimkataze. Mwambieni tu avue pete, na apite kwanza nyumba ya pili akaulize.